Neno "failure": lilianzia kwenye daftari la madeni, likaishia kumganda mtu

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani watu wanaitana "failure", yaani mtu aliyeshindwa, kila uchao, wengine kwa utani, wengine kwa hasira ya kweli. Nimeona nilete uzi kuhusu neno lenyewe, maana lina historia ambayo shuleni hatukuipata. Dai langu ni moja na nitalitetea hapa hapa: kwa karibu miaka 200 ya mwanzo neno hili lilitaja tukio. Lilianza kumshika mtu huko Marekani kwenye mtikisiko wa fedha wa 1837, na kilicholigandisha ni biashara ya kuuza taarifa za wadaiwa.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Asili kwanza, kwa kifupi. Kitenzi "fail" Waingereza walikipata kwenye Kifaransa cha kale, faillir, nacho kinatokana na Kilatini fallere, yaani kudanganya, kumfanya mtu ajikwae. "False" na "fault" ni ndugu zake wa ukoo huohuo. Nomino "failure" ilichelewa, ikaja karne ya 17, na ilizaliwa mikononi mwa wanasheria. Mahakama za Uingereza zilikuwa na Kifaransa chao cha kuungaunga, na humo ndimo lilimotoka neno "failer", kutotimiza jambo. Baadaye likavishwa mkia wa -ure ili lifanane na maneno mengine. Mtu hakutokea mahakamani siku aliyoitwa, hiyo ni failer. Hakulipa pango la shamba, failer. Karani anaandika, anafunga kitabu, anaenda kula. Hakuna anayeuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Kutoka mahakamani likaingia kwa wafanyabiashara, na huko ndiko lilikonenepa. Karne ya 18 na mwanzoni mwa 19, ukifungua gazeti la London au New York ukakuta habari za "failures", ujue unasoma majina ya nyumba za biashara zilizosimamisha malipo. Watu walikuwa wakisema fulani "made a failure", alifanya failure, na wakataja mwaka, kwa sauti ileile ambayo wangetaja mwaka aliohama mji. Lilikuwa jambo ambalo mfanyabiashara hulifanya au humpata, kisha maisha yanaendelea. Wengi walihamia magharibi, Ohio au Illinois, wakafungua duka jingine.

Sasa ingia 1837. Bei ya pamba ilianguka, Benki ya Uingereza ilikuwa imebana mikopo, na tarehe 10 Mei mabenki ya New York yakaacha kuwalipa watu sarafu za dhahabu na fedha. Miongoni mwa waliodondoka ni kampuni ya hariri ya Arthur Tappan, iliyokuwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 1. Arthur na mdogo wake Lewis walikuwa watu wa dini hasa, wapinga utumwa wa mstari wa mbele. (Lewis huyuhuyu ndiye aliyehangaika kuwatetea Waafrika waliotekwa wakaasi kwenye meli ya Amistad mwaka 1839.) Kilichowaumiza ni kukopesha: wenye maduka ya mikoani walikuja New York, wakachukua mali kwa ahadi, wakarudi kwao. Nani alijua kwao ni wapi na hali yao ikoje?

Lewis Tappan akaona hapo pana biashara. Mwaka 1841 akafungua ofisi aliyoiita Mercantile Agency. Kila wilaya alitafuta mtu wa kumwandikia, mara nyingi mwanasheria kijana. Mmoja wao, pale Illinois, alikuwa Abraham Lincoln. Waandishi hao walituma taarifa za wafanyabiashara wa eneo lao: umri, ameoa au hajaoa, anakunywa au hanywi, ana shamba kiasi gani, tabia yake, alishawahi kufeli au la. Makarani wa New York walinakili hayo yote kwenye vitabu vikubwa kwa mkono, na mteja aliyelipa ada alifika ofisini akasomewa habari za mtu anayetaka kumkopesha. Vitabu hivyo vipo mpaka leo, zaidi ya 2,500, vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Soma hapa kwa makini, maana ndipo neno linapogeuka. Mkopeshaji wa New York hakuwa na haja ya kujua bei ya pamba ilifanya nini, hiyo anaijua. Alitaka kujua huyu mtu ukimpa mali atalipa? Kwa hiyo taarifa zikawa ni za mtu. Na zikamfuata. Zamani ulifeli Vermont ukaanza upya Illinois. Sasa unafika Illinois unakuta kitabu kimekutangulia.

Cha ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1841 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ufilisi ambayo kwa mara ya kwanza ilimruhusu mdaiwa mwenyewe kwenda mahakamani kuomba afutiwe madeni. Waliokimbilia huko walizidi 40,000. Wakopeshaji wakapiga kelele, sheria ikafutwa 1843. Sheria ya kusahau ilikufa ikiwa changa. Ofisi ya kukumbuka ikaendelea kukua.

Na wasomi nao wakalibariki jambo. Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa waliyemheshimu sana, aliandika kwenye shajara yake mwaka 1842 kwamba hafeli mtu asiyestahili kufeli, na kwamba sababu ya bahati yake, njema au mbaya, imo ndani yake mwenyewe. Miaka mitano tu baada ya mabenki kuacha kulipa sarafu! Mwenye duka la Indiana aliyefilisika kwa sababu London imebana mikopo anaambiwa sababu imo kifuani mwake.

Mifano ya wakubwa iko mingi, nitatoa mmoja kwa sababu una utamu wake. Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, rais kwa mihula miwili, Mei 1884 kampuni ya fedha yenye jina lake, Grant & Ward, ilikufa ghafla. Mbia wake Ferdinand Ward alikuwa akiwalipa wa zamani kwa fedha za wapya, mchezo tunaoujua sote. Grant akabaki mkavu, tena na saratani ya koo. Akakaa kuandika kumbukumbu zake za vita, akamaliza, akafariki siku chache baadaye, Julai 1885. Mchapishaji alimpa mjane hundi ya dola 200,000. Mchapishaji ni nani? Kampuni ya Mark Twain. Na kampuni hiyohiyo ikafeli 1894, Twain akalazimika kuzunguka dunia nzima akitoa mihadhara, Australia, India, Afrika Kusini, mpaka akamaliza kulipa madeni 1898. Magazeti yakamsifu.

Hao walikuwa na majina ya kuuza. Mwenye duka aliyeandikwa mistari miwili kwenye kitabu cha Tappan alikuwa na nini?

Nitarudi na habari za karne ya 20 na intaneti. Nawasilisha.

Jobless Msomi

Uzi mrefu namna hii unatusaidia nini wakati bei ya mafuta imepanda? Mleta uzi wewe mwenyewe ni failure 😂😂

Binti Makorora

Mkuu Karani, nimeweka kambi hapa. Huyo wa juu mwache.

Mimi ni mwalimu, na kwetu sisi neno hili liliingia kwa mlango wa mtihani. "Kufeli". Wazee wangu Tanga walikuwa wakisema fulani ameanguka mtihani, na mtu aliyeanguka huinuka. Siku hizi ni amefeli, na likishatoka darasani linaenda mbali: "amefeli maisha". Vijana nao wana "unafeli wapi?", ingawa hilo lina utani ndani yake na mara nyingine ni njia ya kumtia mwenzako moyo.

Nikupe mfano ambao kila mwalimu wa Tanzania anaukumbuka. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Zaidi ya nusu! Nchi ikatikisika, waziri mkuu wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine. Karatasi ni zilezile, majibu ni yaleyale ya Februari. Lakini wapo waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu. Mimi tangu siku ile nikimwambia mwanafunzi "umefeli" naongezea "mtihani huu".

Swali: ile F ya kwenye ripoti ilianzia wapi?

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Mwalimu, mfano wako ni mzito kuliko uzi wangu wote.

F ina kisa. Chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, Massachusetts, kilianza kutumia herufi kwenye alama mwaka 1897. Mwanzoni aliyeanguka alipewa E. Mwaka uliofuata wakapanga ngazi upya, wakaongeza moja, wa mwisho akawa F. Ilikuwa ni zamu ya herufi tu baada ya E. Ila kwa kuwa iliangukia herufi ya kwanza ya "fail", shule nyingi za Marekani baadaye ziliitupa E zikabakiza F peke yake. Ndiyo maana kwenye ripoti zao unakuta A, B, C, D, kisha shimo, kisha F.

Jobless Msomi, usiondoke, wewe una sehemu yako kwenye uzi huu. Nakuja.

Fundi Chasisi

Wakuu, mimi si mtu wa historia, ni mtu wa grisi. Ila kwenye vitabu vya ufundi neno hili halina matusi kabisa. Beringi imefeli, boriti imefeli, chuma kimechoka. Hakuna anayeitukana beringi. Swali linakuwa moja tu: ilifeli kwa namna gani, ilipasuka, ilisagika, iliungua, ilikosa mafuta?

Tena kuna neno zuri sana, "fail-safe". Wengi wanadhani ni kitu kisichofeli. Sivyo. Ni kitu kilichotengenezwa kwa kujua kitafeli, na kikifeli kiangukie upande wa usalama. Angalia breki za upepo za semi. Breki za nyuma zinafungwa na spring kubwa iliyomo ndani ya chemba. Kazi ya upepo ni kuikandamiza hiyo spring ili gari litembee. Bomba likipasuka upepo wote ukatoka, spring inajiachia, matairi yanajifunga yenyewe barabarani. Dereva atalaani, lakini yuko hai kulaani. Wazo la kufanya upungufu wa upepo ndio ufunge breki ni la George Westinghouse, kwenye treni za Marekani miaka ya 1870. Kabla yake behewa likikatika mlimani lilikuwa linarudi nyuma na watu wake.

Ndege za Comet za Waingereza nazo, mwaka 1954 mbili zilivunjikia angani. Walichofanya wachunguzi ni kuchukua bodi ya ndege nyingine wakaitumbukiza kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza presha maelfu ya mara mpaka ikapasuka mbele ya macho yao. Wakajua. Ndege zote tunazopanda leo zina faida ya ule mpasuko.

Kwa hiyo Karani, dai lako la tukio dhidi ya mtu nalikubali, ila ongeza kwamba huku gereji neno halijawahi kuhama.

Nesi wa Zamu

Fundi, kwenye gereji yetu sisi neno linaumiza wateja.

"Heart failure". Mgonjwa mwenye Kiingereza kidogo akiisoma kwenye cheti anajua amekufa tayari. Ukweli ni kwamba moyo haujasimama. Unasukuma damu pungufu ya mahitaji ya mwili, ndiyo maana miguu inavimba, akilala chali anakosa pumzi. Watu wanaishi na hali hiyo miaka kwa dawa na kupunguza chumvi. Sisi tukitafsiri tunasema "moyo kushindwa kufanya kazi", na hapo ndiyo tunamaliza kabisa. Mimi nimejitungia yangu, nawaambia moyo umechoka, unahitaji kusaidiwa. Daktari wangu hapendi, anasema si sahihi kitaalamu. Mgonjwa anaelewa na anameza dawa.

Baya zaidi ni lile la watoto, "failure to thrive". Mtoto haongezeki uzito, mstari kwenye kadi ya kliniki umelala. Mama anasikia neno "failure" na tayari anajua ni nani anayesemwa.

Mwanasheria wa Kiambo

Mleta uzi, naomba kupinga.

Unasema kabla ya 1837 neno lilitaja tukio na mtu alikuwa salama. Salama wapi? Mdaiwa alifungwa jela. New York yenyewe ilifuta kifungo cha deni mwaka 1831, Uingereza walisubiri mpaka 1869. Na tangu mwanzoni mwa karne ya 18 muflisi aliyeficha mali aliweza kunyongwa kwa sheria ya Uingereza, na wapo walionyongwa. Lawama kwa mtu ilikuwepo tena ya kamba shingoni. Hilo neno lako halikubadilisha kitu, lilibadilika tu jamii ilipobadilisha adhabu.

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Mwanasheria, ukweli wote uliosema ni wangu pia, isipokuwa hitimisho. Aliyenyongwa aliitwa "bankrupt", na hilo lilikuwa jina la mtu tangu karne ya 16. Ndilo lililokuwa neno la aibu na la jinai. Wafanyabiashara waungwana walikimbilia "failure" kwa sababu lilikuwa laini, halina jela ndani yake. Angalia basi kilichotokea: jela ikafutwa, kamba ikafutwa, sheria ikaanza kumsamehe mdaiwa, na aibu iliyokosa pa kukaa ikahamia kwenye lile neno la upole. Sikusema lawama ilianza 1837. Nimesema ndipo neno hili lilipoanza kuibeba.

Kiswahili hatukuwa na shida hiyo, maana Mwarabu alituletea muflisi, mtu tangu siku ya kwanza, na fulusi ndani yake: mtu aliyeishiwa fulusi. Ila hali ya fulusi hubadilika, ndiyo maana sidhani kama muflisi linamchoma mtu kama lile la Kiingereza. Na kwenye sheria zetu mfilisi ni yule ofisa anayekuja kuuza mali! Hapo wewe unajua kuliko mimi.

Mwanasheria wa Kiambo

Hapo kwenye mfilisi umesema kweli. Wateja wananichanganyia hayo mawili kila wiki. Kwa lingine bado naona unalipa neno uzito mno, lakini endelea.

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Sasa Jobless Msomi, zamu yako. Hiyo "failure 😂" yako ina baba yake.

Mwaka 1998 Wajapani walitoa mchezo wa video unaoitwa Blazing Star, wa mashine za Neo Geo. Ukishindwa, mashine inakuandikia kwa Kiingereza kilichopinda: "You fail it! Your skill is not enough. See you next time. Bye bye!" Kiingereza hicho kikawachekesha watu wa mtandaoni Marekani. Wakaanza kuandikiana "you fail it", ikakatwa ikabaki "fail" peke yake, ikawa nomino: picha ya mtu ameegesha gari juu ya bomba la zimamoto, chini yake neno moja, FAIL. Wazee wa Kiingereza walinung'unika kwamba vijana wanaharibu lugha, "fail" ni kitenzi. Hawakujua kwamba Shakespeare alilitumia kama nomino kwenye tamthilia yake ya Henry VIII, na wao wenyewe wakisema "without fail" (bila kukosa) wanalitumia kama nomino kila siku.

Mwaka 2008 ndio uliokuwa wa kilele. Twitter ilikuwa ikizidiwa na watu kila mara, na ikizidiwa inakuonyesha mchoro wa nyangumi amebebwa na ndege wadogo, kazi ya msanii Yiying Lu. Watu wakampa nyangumi yule jina, "fail whale", wakampenda kuliko mtandao wenyewe. Septemba ya mwaka huohuo, tarehe 15, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikafa. Tarehe 25 Washington Mutual ikafungwa, benki yenye mali ya zaidi ya dola bilioni 300, hakuna benki kubwa kuliko hiyo iliyowahi kufeli Marekani. Hii ni "failure" ileile ya magazeti ya zamani, kusimamisha malipo. Na katikati ya tarehe hizo, wakuu wa fedha Bernanke na Paulson wakiwa wanahojiwa na kamati ya Seneti, mtu mmoja nyuma yao akainua bango lenye neno moja: FAIL. Neno la mwenye duka wa 1837 na neno la mchezo wa video vikakutana chumba kimoja, na sidhani mle ndani kulikuwa na aliyeona.

Jobless Msomi

Aisee. Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Naomba radhi ya nusu.

Msafiri254

Niaje wakuu wa Bongo. Mimi niko Eastleigh, wazazi walitoka Mogadishu, kwa hiyo kuna matumizi ya hili neno ambayo nimekua nayo: "failed state".

Hilo nalo lina tarehe. Mwishoni mwa 1992 Wamarekani wawili, Gerald Helman na Steven Ratner, waliandika kwenye jarida la Foreign Policy kuhusu kuokoa nchi zilizofeli, na Somalia ilikuwa miongoni mwa mifano yao. Tangu 2005 shirika la Fund for Peace likawa linatoa orodha kila mwaka, "Failed States Index". Somalia iliongoza kuanzia 2008 mpaka 2013, mfululizo. Fikiria uko darasani Nairobi, mwalimu wa historia anaiandika ubaoni na wote wanakugeukia wewe. Ni ule mtindo wa Tappan kabisa, mtu New York ana kitabu, anasomewa habari za mtu asiyemjua.

Mwaka 2014 walibadilisha jina, ikawa "Fragile States Index", yaani nchi tete. Mwaka huo Sudan Kusini ndiyo ilichukua namba moja, na nchi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Mtoto wa Katuba

Bandugu, Lubumbashi hapa. Sisi Kongo tuko kwenye ile orodha kila mwaka, karibu na juu. Kubadilisha jina hakukututoa huko. Lakini mie nauliza: nchi ikifeli, nani amefeli? Yule mama anauza makala (makaa) sokoni toka saa kumi na moja asubuhi, watoto wake wanasoma, hajakopa mtu. Yeye si sehemu ya hiyo nchi? Huyo Fundi Chasisi angeuliza imefeli namna gani: barabara? jeshi? korti? Wale wa orodha wanajumlisha yote namba moja.

Mbeba Maboksi

Nimechelewa, niko California, tofauti ya saa.

Huku sasa neno limegeuzwa nishani. Kuanzia 2009 San Francisco walikuwa na mkutano unaitwa FailCon, watu wanapanda jukwaani kueleza kampuni zao zilivyokufa, ukumbi unapiga makofi. "Fail fast" (feli haraka) imeandikwa kwenye kuta za ofisi. Mimi nawaambia ukweli niliouona: wanaopigiwa makofi ni wale ambao kampuni ya pili ilifaulu, na hela ya kwanza iliyopotea ilikuwa ya wawekezaji. Jirani yangu aliyefunga mgahawa wake hajaalikwa jukwaa lolote.

Kwa sababu kitabu bado kipo. Ukitangaza ufilisi wa kufutiwa madeni yote, sheria inaruhusu rekodi hiyo ikae kwenye ripoti yako ya mikopo miaka 10. Mwenye nyumba anaiangalia kabla ya kukupangisha. Kampuni ya simu vilevile. Waajiri wengine nao.

Msafiri254

Na sisi Kenya tuna CRB, ofisi za kutunza rekodi za wakopaji; kabla ya 2020 mtu alikuwa anafungiwa mkopo kwa deni la simu la mia tano bob.

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Mbeba Maboksi, kitabu kipo kwa maana halisi. Ile ofisi ya Tappan haikufa. Mwaka 1859 ilichukuliwa na Robert Graham Dun ikaitwa R. G. Dun, na 1933 ikaungana na mshindani wake Bradstreet. Ndiyo Dun & Bradstreet ya leo.

Binti Makorora

Ngoja kwanza. Dun hiyo ndiyo ya DUNS namba? Mume wangu yuko kwenye asasi ndogo ya maji huku, walipoomba ruzuku ya Wamarekani waliambiwa bila DUNS namba fomu haipokelewi. Wakahangaika wiki nzima wanajaza jina la asasi, anwani, idadi ya wafanyakazi, nani mkurugenzi.

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Ndiyo hiyohiyo, mwalimu: namba ambayo kampuni hiyo huipa kila biashara au asasi iliyomo kwenye kumbukumbu zake. Serikali ya Marekani iliidai kwa kila anayeomba fedha zake mpaka Aprili 2022, walipohamia namba yao wenyewe. Apple bado wanaidai ukitaka kusajili kampuni yako iweke programu kwenye duka lao.

Binti Makorora

Kwa hiyo asasi ya maji ya Tanga ina mstari wake kwenye kitabu cha Tappan. Ngoja nimwambie akirudi.

Fundi Chasisi

Mwambie aangalie wameandika nini.